Kura ya Kwanza ya Miji Yetu: Desemba 1957



Katika mkutano mmoja wa vikundi vyetu lilizuka swali ambalo halikuwa katika mpango wa siku ile. Mfereji ulio karibu na soko ulikuwa umeziba tangu mvua za kwanza, na maji machafu yalikuwa yakiingia katika nyumba za watu. Mmoja wenu akauliza: mfereji huu ni wa nani? Mwingine akajibu kwamba ni wa gavana. Wa tatu akasema ni wa meya, wa nne akamtaja bugumesta wa komini. Wa tano akacheka akasema ni wa Serikali, maana yake si wa mtu yeyote. Tuliondoka bila jibu. Tangu siku ile tumeona kwamba swali la mfereji haliwezi kujibiwa vizuri bila kurudi nyuma kidogo, mpaka siku wazee wetu walipoitwa kwa mara ya kwanza kuchagua watu wa kuongoza mitaa yao.

Kwanza tufahamu jambo moja la sheria. Mji wenye baraza lake huhesabiwa na sheria kama mtu. Unaweza kuwa na mali, kukopa na kulipa deni, kushtaki na kushtakiwa. Viongozi wake hufa au huondolewa, lakini mji haufi, na deni la meya wa jana hubaki deni la mji wa leo. Ndiyo sababu mji huhitaji watu wa kusema kwa jina lake, kwa kuwa wenyewe hauna kinywa. Swali kubwa, tangu zamani na mahali pote, limekuwa hili: ni nani mwenye haki ya kuwa kinywa cha mji?

Wabelgiji waliotutawala walikuwa na jibu lao la kale. Katika miji ya Flandria, kama vile Ghent na Bruges, wafumaji wa nguo na wafanyabiashara walipata hati kutoka kwa watawala wao zikiwapa uhuru wa kujiamulia mambo kadha wa kadha. Watu wa Ghent walizihifadhi hati hizo katika mnara wa kengele, chini ya kufuli, kama sisi tunavyohifadhi vitu vya thamani. Mwaka 1540, baada ya mji huo kukataa kodi na kuasi, mfalme Karoli wa Tano aliunyang'anya haki zake na kuitwaa hata kengele yake kubwa. Alijua kwamba mji usio na kengele ya kuwaita watu wake ni rahisi kutawaliwa. Ubelgiji ilipopata uhuru wake katika karne ya 19 ilifanya komini kuwa msingi wa utawala, kwa sheria ya mwaka 1836, nayo ikaendelea na cheo cha kale cha bugumesta, yaani mkubwa wa wakaaji wa mji. Mwaka mmoja kabla yake, Uingereza nayo ilikuwa imetunga sheria iliyoingiza mabaraza ya kuchaguliwa na walipa kodi katika miji 178. London haikuwamo. Mji ule mkubwa kuliko yote ulingoja hadi mwaka 1889 ndipo ukapata baraza la kuchaguliwa la eneo lake zima.

Basi tungetazamia kwamba watu waliojivunia mabaraza yao kwa karne nyingi wangeyaleta pia huku. Hawakufanya hivyo. Kwa karibu miaka hamsini ya utawala wa Ubelgiji hakuna aliyepiga kura Kongo, hata Mzungu. Wakaaji weupe walilalamika sana juu ya jambo hilo, lakini Brussels iliona kwamba kumpa mmoja kura ni kumfungulia mwingine mlango, nayo ikaona afadhali mlango ubaki umefungwa kwa wote.

Tutazame Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, kwa kuwa ndio mji tunaoufahamu zaidi. Ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka Rhodesia ilipofika, nao uliishi kwa shaba ya Union Minière. Uligawanywa sehemu mbili. Upande mmoja ulikuwa mji wa Wazungu, wenye barabara zilizonyoka na miti ya kivuli. Upande wa pili yalikuwa makao ya weusi, na kati yao waliacha ukanda mtupu wa mamia ya mita ambao haukuruhusiwa kujengwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa mbu: walisema mbu anayebeba malaria hawezi kuruka umbali ule. Mpishi, mtumishi wa nyumbani na karani waliuvuka ukanda huo asubuhi na jioni kila siku, na hakuna aliyeeleza kwa nini mbu hawakupanda nao baiskeli.

Makao ya weusi yalikua mtaa kwa mtaa. Kwanza ulikuwapo mtaa ulioitwa Albert, ambao leo ni Kamalondo. Kisha ukaja Kenya, na katika miaka ya 1950 Katuba na Ruashi. Tangu mwaka 1931 sheria iliyaita makao ya namna hii vituo vilivyo nje ya mila, maana yake mahali ambapo mtu hakuwa tena chini ya chifu wa kijiji chake, wala hakuwa raia wa mji. Walikuwa na mkubwa wa kituo na baraza, lakini wote waliteuliwa, na juu yao alikaa ofisa Mbelgiji aliyeweza kutengua kila walichoamua. Tunasisitiza neno hilo "nje ya mila" kwa sababu linaeleza mengi. Mtu aliyezaliwa Kenya, akabatizwa, akasoma na kuoa hapo hapo, alihesabiwa bado kuwa mgeni aliyetoka kijijini, ingawa kijiji chenyewe huenda hakuwahi kukiona.

Baada ya vita kuu ya pili miji ilifurika watu. Waliosoma katika shule za misheni walikuwa makarani, wauguzi na walimu, walisoma magazeti, nao walianza kuuliza maswali. Katikati ya mwaka 1956 kikundi cha walei Wakatoliki wa Léopoldville, waliokuwa na gazeti liitwalo Conscience africaine, walitoa tamko wakidai kwamba Wakongo washirikishwe katika kupanga mustakabali wa nchi yao. Mwezi Agosti chama cha ABAKO kikajibu kwa tamko kali zaidi, kikisema kwamba wakati wa kungoja umepita. Serikali ya kikoloni ilitafuta njia ya kutoa kitu kidogo bila kutoa kikubwa. Ndipo ilipokumbuka komini.

Dekreti ya tarehe 26 Machi 1957 ilipanga miji upya. Mji uligawanywa katika komini, na kila komini ikapewa baraza na bugumesta wake. Juu ya komini zote lilikuwapo baraza la mji, likiongozwa na bugumesta mkuu. Kwa mara ya kwanza mtaa wa weusi na mtaa wa Wazungu ilikuwa komini mbili zenye jina moja la kisheria. Lakini tusome kwa makini, maana katika sheria yenye uzito ni maneno madogo. Bugumesta mkuu alikuwa ofisa wa serikali, Mbelgiji, aliyeteuliwa. Baraza la komini lilipendekeza jina la bugumesta wake, lakini kumteua ilibaki kazi ya serikali. Fedha za komini zilikuwa chache, na matumizi yake yalikaguliwa kutoka juu. Hata neno "uchaguzi" liliepukwa: hati za serikali zilisema "mashauriano". Wenye haki ya kushauriwa walikuwa wanaume waliotimiza miaka 25.

Mashauriano hayo yalifanyika mwezi Desemba 1957 katika miji mitatu: Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Miji mingine ilingoja mwaka mmoja zaidi. Bukavu na Stanleyville zilipiga kura zao Desemba 1958.

Huko Léopoldville ABAKO ilishinda kwa wingi mkubwa, na kiongozi wake, Joseph Kasa-Vubu, akawa bugumesta wa komini ya Dendale. Yeye alikuwa amepita seminarini, akawa mwalimu, kisha karani. Watu waliomfahamu walisema hakuwa mtu wa maneno mengi. Tarehe 20 Aprili 1958 alishika kazi yake rasmi, mbele ya wakubwa wa Kibelgiji waliotazamia kusikia shukrani. Shukrani zilikuwapo, lakini baada yake hotuba iligeuka. Alisema kwamba demokrasia bado haijaanza, kwa kuwa bugumesta hana mamlaka ya kweli. Akadai uchaguzi mkuu na uhuru wa kujitawala katika mambo ya ndani ya nchi. Serikali ilimpa karipio la maandishi.

Tukitazama leo, jambo la kushangaza si hotuba yenyewe bali mahali ilipotolewa. Mtu yuleyule angesema maneno hayohayo barabarani, polisi wangemchukua usiku ule. Lakini sasa alikuwa na ofisi, muhuri na baraza, na alikuwa na maelfu ya watu waliomchagua kwa mkono wao. Serikali ilitaka kumpa kiti cha kushughulikia masoko na taka. Ilimpa bila kukusudia mahali pa kusimama. Tarehe 4 Januari 1959 mkutano wa ABAKO uliahirishwa kwa kukosa kibali, watu wakakasirika, na ghasia zikaenea mjini. Makumi ya watu waliuawa. Kasa-Vubu alifungwa. Siku tisa baadaye mfalme Baudouin alitangaza katika redio kwamba Ubelgiji itaiongoza Kongo kuelekea uhuru. Na tarehe 30 Juni 1960, miaka miwili na miezi miwili baada ya hotuba ya Dendale, bugumesta yule alisimama katika sherehe ya uhuru akiwa rais wa nchi. Komini ya Dendale inaitwa leo komini ya Kasa-Vubu.

Habari za Léopoldville tunazipenda, nasi huzisimulia kwa furaha. Habari za Élisabethville ni nzito zaidi, na mara nyingi tumezinyamazia hata katika vikundi vyetu. Hapo ndipo tunapoomba msome polepole.

Mji ule ulikuwa umejengwa na watu wa kutoka mbali. Tangu miaka ya 1920 Union Minière iliajiri watu kutoka Kasai, Maniema na hata Ruanda-Urundi, na mwaka 1928 reli iliyopita Kasai hadi bandari ya Ilebo ilikamilika, ikaleta wengine wengi. Kiswahili chetu cha mjini kilikua katika mchanganyiko ule, kambini na sokoni, kati ya watu ambao mama zao hawakuwa na lugha moja. Wengi wa waliotoka Kasai walikuwa wamesoma mapema, wakapata kazi za ukarani na reli. Walikuwa na vyama vyao vya kusaidiana, vya kuzikana na kuchangiana wakati wa ugonjwa. Siku ya kura hapakuwa na vyama vya siasa katika mji wetu. Mtu angemchagua nani? Alimchagua yule aliyemfahamu, na aliyemfahamu ni yule wa chama chake cha kusaidiana, yaani wa nyumbani kwao.

Matokeo yalipotangazwa, mabugumesta wote weusi wa Élisabethville walikuwa watu wenye asili ya nje ya Katanga, wengi wao Kasai. Hawakuiba kura. Hawakuvunja sheria. Walichaguliwa na majirani zao kuangalia masoko na visima vya mitaa ambayo walikuwa wamekaa miaka mingi. Lakini wenyeji wa asili ya Katanga walijiona wamepitwa katika nchi ya babu zao, na hofu hiyo haikuwa ya kubuni tu. Waliona kwamba utawala wa kesho utafuata njia ya kura ile. Mwezi Oktoba 1958 kikazaliwa chama cha Conakat, na rais wake wa kwanza akawa Godefroid Munongo. Ndipo maneno "Mkatanga halisi" na "mgeni" yakaanza kusikika katika mikutano, kisha katika ofisi, kisha katika foleni ya kazi.

Tusidanganyane kwamba yote yaliyofuata yalitokana na kura ya komini. Yalikuwapo mambo mengine: shaba, walowezi Wazungu waliotaka Katanga iwe yao, na makampuni yenye hesabu zao. Lakini kura ile ndiyo iliyohesabu watu kwa mara ya kwanza, na wengi walisoma hesabu hiyo kwa kabila. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia kambi iliyolindwa na Umoja wa Mataifa kandokando ya mji uleule ambao miaka minne kabla yake walikuwa wamepigia kura mabugumesta wake. Na sisi tuliokuwa vijana wa umri wenu mwaka 1992 na 1993 tuliona mara ya pili. Tuliona vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi vimejaa familia zilizofukuzwa, watoto wamelala juu ya mizigo, wakingoja treni ya kwenda Kasai ambako baadhi yao hawakuwahi kufika. Wengine tulikuwa tumekaa nao benchi moja katika mafundisho ya katekisimu. Mahali pao pakabaki wazi Jumapili iliyofuata, na hatukujua la kusema. Wachache kati yetu waliwaficha jirani zao. Wengi tulifunga milango.

Je, kosa lilikuwa kupiga kura? Wapo wazee waliotuambia hivyo: kwamba afadhali viongozi wateuliwe, kura huleta ugomvi. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Nchi yetu iliwahi kujaribu njia hiyo. Katika miaka ya 1970 komini ziliitwa zoni, na bugumesta akawa komisaa wa zoni, mtu wa chama aliyetazama juu kwa yule aliyempa kazi. Hakuwa na sababu ya kutazama chini kwenye mfereji. Mifereji iliyochimbwa zamani ikajaa mchanga katika miaka hiyo, na mingine tunaishi nayo mpaka leo. Ugomvi wa makabila nao haukuisha. Ulingoja chini ya jivu kama kaa la moto, na mwaka 1992 tuliona lilikuwa bado jekundu.

Tunadhani kosa lilikuwa mahali pengine. Watu wa mwaka 1957 walipewa kura kabla ya kupewa jambo la kuzungumza pamoja. Komini haikuwa na fedha wala mamlaka ya kutosha, kwa hiyo hapakuwa na hoja ya kushindania: je, tujenge soko kwanza au kisima? Barabara ipite wapi? Baraza lisilo na kitu cha kuamua, watu hulitumia kuhesabu nani ni wengi. Kama wazee wale wangalikuwa wamegombana miaka kumi juu ya mifereji, pengine wangalijifunza kwamba katika jambo la maji machafu Mluba na Mbemba wa mtaa mmoja wako upande mmoja.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 imerudisha jambo hili mezani. Kifungu chake cha 3 kinasema kwamba mikoa, pamoja na miji, komini, sekta na uchifu, ni nafsi za kisheria na huongozwa na vyombo vyao wenyewe. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikaeleza namna: wananchi huchagua washauri wa komini, washauri hao humchagua bugumesta, na pia huchagua baraza la mji, nalo baraza la mji humchagua meya. Sheria hiyohiyo inaipa miji, komini na wenzao asilimia 40 ya fungu la mapato ya taifa linalokwenda mikoani. Kinshasa peke yake ina mpango wa pekee: ni mji na mkoa kwa wakati mmoja, inaongozwa na gavana, na chini yake ziko komini 24.

Ilichukua miaka mingi sheria hiyo kugusa ardhi. Ni tarehe 20 Desemba 2023 tu, siku ya uchaguzi wa rais, ndipo kura ya washauri wa komini ilipopigwa, tena katika komini za makao makuu ya mikoa peke yake. Wengi wenu mlikuwa katika foleni siku ile. Tukiwauliza mlimpigia nani kura ya urais, mnajibu haraka. Tukiwauliza juu ya mshauri wa komini, wengi mnafikiri kidogo, na baadhi mnasema mlitazama jina la ukoo. Hatuwalaumu kwa ukali. Ndivyo walivyofanya babu zetu pia, na wao hawakuwa na mtu wa kuwasimulia yaliyotokea.

Kwa hiyo, kwa yule aliyeuliza: mfereji ule, ukiwa wa mtaa, ni wa komini, na komini ina jina mbele ya sheria, ina baraza, na washauri wake wana nyumba mnazozijua. Kuna mmoja wao anayesali nasi misa ya kwanza.

Limebaki jambo moja tusilopenda kulipita. Mwaka 1957 shughuli kubwa ya baraza la komini ilikuwa soko, na sokoni wengi wa wauzaji walikuwa wanawake. Wao hawakushauriwa. Hawakupiga kura Desemba ile, wala katika uchaguzi wa kitaifa wa Mei 1960, bali walingoja hadi kura ya maoni ya mwaka 1967. Kuna bibi katika mitaa ya Kamalondo na Kenya wanaokumbuka walivyokaa na meza zao za samaki na unga wakati waume zao walipokuwa wamepanga mstari. Wanaume waliopanga mstari ule, aliye mdogo kuliko wote amekwisha kupita miaka tisini. Tunaomba kila kikundi kimtafute hata mmoja wao, mwanamume au mwanamke, kabla ya Noeli. Mkae naye, mwandike anayoyakumbuka kwa maneno yake mwenyewe, mtuletee daftari.